Nyekundu Mbili za Kakuma

Fundi cherehani mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mama kutoka Kongo, hachagui uzi usiku. Ana taa ya sola juu ya cherehani, nyeupe na kali, na kwa taa hiyo hupinda nguo mpaka saa tatu. Lakini mteja akimletea kitenge chekundu, humwambia, "Kesho, mama. Tutaangalia kwa jua." Nilielewa aliponionyesha nyuzi mbili. Chini ya taa zilikuwa nyekundu moja. Asubuhi mlangoni, moja ilikuwa nyekundu ya damu, nyingine imeelekea kwenye kahawia.

Nyuzi hazikubadilika. Kitu hurudisha sehemu tu ya mwanga unaokifikia, na kile ambacho mwanga haukukileta hakiwezi kurudishwa. Isaac Newton aliandika mwaka 1672 kwamba mwanga mweupe wa jua ni rangi nyingi zilizochanganyika. Balbu ya LED, kama ile iliyo juu ya cherehani, huupata weupe kwa njia fupi: kijiwe kidogo hutoa mwanga wa buluu, wa nanomita 450 hivi, sehemu yake hugeuzwa kuwa manjano na unga maalumu, na jicho huridhika kwamba limeona nyeupe. Akasaki, Amano na Nakamura walitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu yenye ufanisi iliyowezesha haya, na walistahili. Mtoto anayesoma usiku bila moshi wa koroboi anajua thamani yake. Ila balbu nyingi za bei nafuu zina upungufu wa nyekundu. Koroboi nayo ina nyekundu tele na buluu haba, ndiyo maana kwenye mwanga wake nguo ya buluu iliyokolea hudhaniwa nyeusi.

Jambo linalonishika ni hili: ukiitazama taa yenyewe, hutajua imepungukiwa na nini. Weupe wake unatosha machoni. Upungufu huonekana kwenye vitu inavyoviangaza, tena pale tu unapovipeleka kwenye mwanga mwingine.

Kwa mtoto mchanga hili si suala la urembo. Ngozi na macho yakianza kuwa ya manjano, inafaa atazamwe kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha, kwa sababu taa mbaya huweza kuuficha umanjano huo, nao ukizidi sana hudhuru ubongo. Wenyeji wa Kakuma nao hutegemea jua: wazee wa Kiturkana, ambao kwao mwanamume huweza kuitwa kwa rangi ya fahali wake ampendaye, wamejifunza rangi za mifugo malishoni, chini ya jua lisilobakiza kitu.

Nafikiria haya kila ninaposafiri kutoka Kakuma hadi mji wa Lodwar, kilomita 120 hivi. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na pamoja na makazi ya jirani ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000. Kila mgeni huja huko na mwanga wake. Anayekuja na fomu ya kupima njaa huona njaa. Anayekuja kutafuta wafanyabiashara hodari huwaona, naye huandika kana kwamba njaa haipo. Hakuna anayedanganya, na kila mmoja ameridhika kwamba mwanga wake ni mweupe. Nami nimechoka kusikia mtu akielezwa kikamilifu na aliyemwona mahali pamoja tu, kwenye foleni ya chakula au mbele ya meza ya ofisi.

Huko Lodwar, mama mmoja aliniambia kwamba watu wa kambini ni wakali na wana dharau. Nilimuuliza alikutana nao wapi. Akasema, alipokuwa akiwauzia kuni. Biashara hiyo naijua: muuzaji ametoka alfajiri na mzigo kichwani, mnunuzi ana pesa za kuhesabu na sufuria inayosubiri, na kila shilingi inayopunguzwa inamuuma mmoja wao. Mama huyo hajawahi kuketi nyumbani kwa watu hao chai ikiiva, wala wao kwake.