Mzee wa Taipureta

Mpwa wangu wa Uyole kapata samansi ya Mahakama ya Mwanzo kwa deni la pikipiki, akanipigia: "Mjomba, nitafute wakili? Nivae suti? Nisipokwenda je?" Nilikereka. Ana shahada ya chuo, lakini hajui tuliyoyajua watoto wa Iringa kabla hatujaota ndevu.

Miaka ya 1980 maswali hayo yalikuwa na mwenyewe: mzee mmoja aliyekaa na taipureta chini ya mti, ng'ambo ya mlango wa mahakama. Hakuwa mtumishi wa serikali. Meza yake ilikuwa kreti ya soda, na kabuti lake lilinuka karatasi za kaboni na ulanzi wa jana. Mteja akifika: "Kamwene. Unadai au unadaiwa?" Kisha alimsimulisha habari yake mara mbili, yaliyojitokeza mara zote mbili ndiyo aliyoyachapa. Hapo somo likaanza. Fika saa mbili. Ukiitwa, itika kwa sauti. Mlete shahidi mwenyewe, barua yake haihojiwi. Mdaiwa asipofika, shauri litasikilizwa upande mmoja. Mdai asipofika, litafutwa. Wale wazee wa baraza wawili wanaoketi na hakimu wasikupumbaze kwa kusinzia, maana hukumu hupitishwa kwa wingi, nao wakiungana wanamshinda hakimu. Ukishindwa, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Suti ya nini? Shati safi latosha.

Kuhusu wakili alicheka tu. Nimepekua: Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliwakataza mawakili katika Mahakama ya Mwanzo, kama ile ya 1963. Pale chini ya mti hakuna aliyeuliza mwaka. Watu walijisemea wenyewe, Kihehe kikichomoza katikati ya Kiswahili, na walieleweka.

Mzee alikufa, mti ukakatwa, zikaja steshenari zenye kompyuta na namba za malipo. Tangu 2021 mawakili wanaruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo anapoketi hakimu mkazi. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni na vijana wa steshenari. Wana hati moja tayari. Hubadilisha jina na kiasi, basi. Hapa Mbeya nilikaa benchi moja na mama wa Mwanjelwa aliyedai kodi ya chumba. Hati yake, aya ya pili, ilimtaja kuwa muuza mbao wa Mafinga. Shauri likaahirishwa. Aliporudi steshenari, kijana akamtoza upya.