Kutoka Kilosa Hadi Mikumi, Kupitia Ulaya

Mkitoka Kilosa kwenda Mikumi mtapita Ulaya. Msicheke, ni kijiji chetu. Iliyofika Ulaya yenyewe ni pamba: mwaka 1907 kampuni ya Otto ya Ujerumani ilifungua shamba kubwa Kilosa, ipate kulisha viwanda vyake vya nguo. Pamba ya Wahindi nayo ilikwenda Uingereza, ikawarudia kuwa nguo ya kununua. Mwaka 1921 Gandhi aliwaomba waisusie. Huko Bombay walichoma marundo ya nguo za kigeni, wakahimizana kusokota uzi nyumbani. Kitambaa chao kilikuwa kizito, tena ghali; maskini waliona taabu, lakini wengi walikivaa. Nami nilipofika Mikumi niliulizia shati la pamba yetu, la kuvaa Pasaka. Nikarudi na la mtumba.