'Run' ya gereji

Nilitoka shule ya msingi na uhakika kwamba 'run' ni kukimbia. Nikaingia na uhakika huo katika gereji bubu moja ya Ilala, na kwa miaka mingi haukunisumbua, kwa sababu fundi mkubwa aliyenilea alikuwa anasikiliza injini kwa sikio, ananusa oili kwa pua, basi. Kitabu hakikuwa kifaa cha kazi. Mambo yalibadilika magari yenye kompyuta yalipojaa mjini, na wateja wakaanza kuja na vitabu vya ufundi kwenye simu zao, vyote Kiingereza.

Humo 'run' imejaa kila ukurasa. Injini iki-'run' maana yake imewaka na inaunguruma, hata kama gari lenyewe limekaa juu ya jeki. Waya uki-'run' nyuma ya tangi, ndipo ulipopitishwa. Rangi iki-'run', umepiga nzito, sasa inachuruzika mlangoni. Injini iliyotoka kushushwa inatakiwa 'run in', yaani kulelewa: kilomita za mwanzo uende nayo polepole, usiikamue, mpaka vyuma vizoeane. Katika yote hayo hakuna kinachokimbia.

Nilikuwa na daftari la safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, kama tulivyofundishwa shuleni. Kwa neno 'gasketi' safu mbili zinatosha kabisa. Kwa 'run', upande wa kulia ulikuwa unarefuka tu, na kila nilipofungua ukurasa mpya nilikuta maana ambayo sikuwa nayo.

Kilichonigeuza ni breki. Mama mmoja alileta gari ambalo usukani ulitetemeka kila akikanyaga breki. Kwingine walishamwambia diski zimekwisha, anunue mpya. Nikafungua kitabu, nikakuta kinaagiza kukagua 'run-out' ya diski. Nilijua 'run out' ya mtaani: mafuta yameisha, hela imeisha, muda umeisha. Kwa hiyo nao walikuwa sahihi?

Nikaendelea kusoma mstari wa chini yake. Ulisema kipimo chenye sura ya saa kibanwe, ncha yake iguse uso wa diski, kisha diski izungushwe kwa mkono huku unatazama mshale, na kwamba isizidi milimita 0.05. Nikasimama hapo. Kitu kilichokwisha hupimwa unene, hakizungushwi kikatazamiwa mshale. Kinachozungushwa kikatazamiwa mshale ni kitu kinachoyumba. Kumbe 'run-out' ya diski ni kule kuyumba kwake, kutoka na kuingia, kudogo kuliko jicho linavyoweza kuona lakini kunakotosha kutikisa mikono ya dereva. Nikaazima kipimo, nikazungusha, mshale ukacheza vizuri tu kupita hiyo 0.05. Tukafungua diski, tukakuta kutu imeganda kati yake na habu. Tukaisugua mpaka chuma kikang'aa, tukairudisha diski kwa kuihamisha tundu moja la bolti, kama kitabu kilivyoelekeza, tukapima tena.

"Fundi, kwa hiyo sinunui diski?"

"Hununui, mama. Nilipe ya kusugua tu."

Toka siku hiyo siulizi tena neno lina maana gani. Nauliza limekaa na nani: kabla yake kuna nini, baada yake kuna nini, mstari unaofuata unaniambia nishike spana au nishike kipimo. Daftari la safu mbili nimeliacha. Sasa naandika sentensi nzima kama ilivyo, na chini yake kazi niliyoifanya baada ya kuisoma.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wenye lugha yao nao inawatoa jasho. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alitumia zaidi ya miezi tisa kulipanga upya neno 'run', akapata maana 645 kwa kitenzi peke yake. Na ile kamusi ya wanafunzi ya A. S. Hornby, inayopatikana shule nyingi hapa kwetu, ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942, kabla Oxford hawajaichapa upya mwaka 1948. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, akaona wanafunzi wake hawakwami sana kwenye maneno magumu. Wanakwama kwenye haya mepesi, jinsi yanavyoungana na wenzake. Nilicheka niliposoma hayo. Gari kutoka Japani, na kamusi ya kulielewa gari nayo kutoka Japani.

Halafu nikatega sikio gerejini kwangu. Asubuhi moja tu: piga jeki, piga stata, piga resi, piga honi tusikie, piga msasa, piga rangi, piga grisi, mpigie simu mwenye gari. Mgeni mwenye daftari la safu mbili angedhani tunashinda tunayaadhibu magari ya watu. Na sisi wenyewe hatujawahi kukwama, maana hakuna aliyetufundisha 'piga' likiwa peke yake. Tulilipata pamoja na jeki, pamoja na honi.

Vijana ninaowafunza sasa nawapa kitabu mapema, siku zile zile za kwanza, kabla mkono haujazoea. Wengine wananung'unika kwamba wamekuja kujifunza gari, si Kiingereza, na siwalaumu. Kwa sasa tuko kwenye 'set', lililokuwa na maelezo marefu kuliko maneno yote katika toleo la Oxford la mwaka 1989. Mmoja wao ameniletea maana tatu kutoka kazi ya juzi: seti ya spana, plagi ambayo nafasi yake imewekwa sawa, na gundi ya gasketi inayotakiwa kuachwa ishike kabla hujamwaga oili. Ya tatu wenzake wanaibishia, wanasema hiyo ni kukauka. Nimewaambia waende wakaisome kwenye kopo lenyewe.