TWENDE BUGANGUZI: MZOGA HAUTUPWI MGOMBANI

Ndugu msomaji, leo twende Buganguzi. Buganguzi ni kata ya wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Zamani sehemu hii ilikuwa katika utawala wa Ihangiro. Ukitoka mjini Bukoba, shika barabara ya lami ya kusini iendayo Muleba. Ziwa Viktoria liko upande wako wa kushoto. Ukifika Muleba, ulizia njia ya Buganguzi.

Angalia udongo

Ukiingia kijijini utaona nyumba ndani ya migomba. Shamba hilo la nyumbani huitwa kibanja. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna maharage. Chukua udongo wa kibanja mkononi. Ni mweusi na laini.

Sasa toka nje ya kibanja, uende kwenye nyasi. Hapo ni rweya. Udongo wake ni hafifu. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile. Kwa nini udongo ni tofauti?

Jibu ni ng'ombe na kazi ya watu. Wazee walichunga ng'ombe rweya mchana kutwa. Jioni ng'ombe walirudi nyumbani, na samadi yao ikawekwa mgombani. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Mwaka baada ya mwaka, udongo ukawa mweusi. Kibanja kilitengenezwa kwa mikono.

Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi sana katika Buhaya. Samadi ikapungua. Sotoka imekwisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Lakini ndigana kali bado inaua ndama. Mdondo unaua kuku. Homa ya nguruwe inaua nguruwe. Tena nyumba nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Kwa hiyo kila kitu kinachoweza kurutubisha kibanja kina thamani.

Mnyama akifa

Mnyama akifa, watu hufanya mambo matatu mabaya. Wengine hula kibudu. Wengine hutupa mzoga bondeni. Wengine huufukia juu juu chini ya mgomba. Usiku mbwa huufukua na kuuburuta hadi kwa jirani.

Telemka bondeni uone. Huko ndiko watu wanakochota maji. Mvua ikinyesha, uchafu wa juu huteremka huko huko.

Ndugu mfugaji, kwanza jiulize: mnyama huyu amekufa kwa nini? Kama amekufa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, huenda ni kimeta. Usimchune. Usimpasue. Usile nyama yake. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi sana, na joto la mboji haliviui. Mwaka 2023 kimeta kilitokea wilaya ya Kyotera, nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mutukula. Watu waliugua, na wengine walikufa.

Zuia watoto na mbwa wasikaribie, kisha mwite afisa mifugo. Fanya hivyo pia kama wanyama wengi wamekufa kwa pamoja, au kama mnyama aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Mizoga hiyo huchomwa au huzikwa katika shimo refu, chini ya usimamizi wa afisa mifugo. Usiiweke kwenye mboji.

Mzoga wa kufanya mboji

Lakini kuna vifo vingine. Mbuzi amekufa kwa kushindwa kuzaa. Ndama amekufa kwa ndigana kali. Kuku amekanyagwa. Afisa mifugo akikubali, mzoga huo unaweza kuwa mbolea. Fanya hivi:

1. Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji. Pawe mbali na kisima au chemchemi, hatua 100 au zaidi.

2. Tandaza vitu vikavu: maranda ya mbao, maganda ya kahawa, au nyasi za rweya zilizokatwakatwa. Kina kiwe sentimeta 60, yaani kufika juu kidogo ya goti.

3. Laza mzoga katikati. Usiguse kwa mikono mitupu. Kila upande uwe na vitu vikavu, sentimeta 30 au zaidi.

4. Funika kwa vitu hivyo hivyo, sentimeta 60 tena. Changanya na samadi kidogo. Ukisikia harufu au ukiona nzi, ongeza kifuniko.

5. Biwi liwe na unyevu kiasi. Ukikamua konzi moja, mkono ulowane lakini maji yasidondoke. Huku kwetu mvua ni nyingi, basi liezeke kwa nyasi.

6. Zungushia uzio wa miti ili mbwa wasifukue.

Ndani ya biwi vijidudu vidogo hula mzoga pamoja na vitu vikavu. Vikifanya kazi, hutoa joto. Biwi zuri hufikia nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo huua vijidudu vingi vya magonjwa. Chomeka fimbo ndani, kisha uichomoe na kuishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea.

Kuku huhitaji miezi 2 hivi. Mbuzi au ndama huhitaji miezi 6. Katikati ya muda huo geuza biwi, kisha lifunike tena. Ng'ombe mzima huhitaji biwi kubwa sana na muda wa mwaka mzima. Usimfanyie mboji bila msaada wa afisa mifugo.

Mboji ikiiva, weka kwenye migomba na kahawa. Usiweke kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mifupa iliyobaki irudishe katika biwi jingine.

Ndugu msomaji, mboji haitarudisha mbuzi wako. Kinga ni bora. Ogesha ng'ombe ili kuua kupe. Chanja kuku dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 3. Lakini mnyama akifa, usimle, wala usimtupie jirani. Wazee walituachia udongo mweusi. Nasi tuwaachie watoto wetu udongo huo, na maji safi bondeni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini udongo wa kibanja ni mweusi kuliko wa rweya?
2. Taja dalili za kimeta. Utafanya nini ukiziona?
3. Katika kijiji chako, mizoga hupelekwa wapi?