Nakala Mbili

Ukimwuliza mtaalamu wa mimea jeni fulani ni ya ukoo gani, atakujibu haraka. Ukimwuliza inafanya kazi gani, atakuomba muda.

Kuna ukoo wa jeni unaoitwa MADS. Herufi hizo zimetoka kwenye majina ya jeni nne zilizojulikana mapema: moja ya hamira, moja ya Arabidopsis, kijimea cha maabara chenye undugu na haradali, moja ya Antirrhinum, ua la bustani za Ulaya, na moja ya binadamu. Ndiyo, hata sisi tuna jamaa humo. Jeni hizi ni wasimamizi: hazijengi kitu zenyewe, huwasha na kuzima nyingine. Kwenye ua ndizo zinazoamua hapa pamee petali, hapa kiungo cha kiume, hapa cha kike. Bila ua hakuna korosho, na korosho ndiyo iliyonilipia ada.

Mimi, si kaka. Baba alipofariki, nyumbani Tandahimba kulikuwa na ekari sita za mikorosho, kaka akimaliza kidato cha tano, nami nikisubiri kukianza. Hakuna kikao kilichokaa. Ilikuwa Juni, maua yanakaribia, na ubwiriunga hausubiri matanga yaishe. Kaka akabeba mashine ya salfa, mimi nikabeba begi.

Miaka baadaye, Morogoro, nikasoma kwamba jeni ikijirudufu, nakala moja huweza kubaki na kazi ya zamani, na ya pili ikawa huru kubadilika. Nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Ila mfano unaofuata ndio ulionikaa zaidi. Zamani sana, kabla mababu wa mkorosho, Arabidopsis na Antirrhinum hawajaachana, jeni moja ya MADS iliyosimamia viungo vya uzazi vya ua ilijirudufu. Kwa Arabidopsis, nakala iliyobaki na kazi hiyo inaitwa AGAMOUS. Ukiiharibu, ua hutoa petali juu ya petali na halizai. Nakala ya pili ikahamia kwenye tunda: uzao wake ndio unaofanya ganda lipasuke. Kwa Antirrhinum mambo yamegeuka. Ile iliyohama kule, huku ndiyo iliyobaki na kazi ya nyumbani, ikaitwa PLENA. Mwenza wa AGAMOUS akaachiwa kipande, hasa upande wa kiume, na wanasayansi wakamwita FARINELLI, jina la mwimbaji wa Italia wa karne ya 18 aliyehasiwa utotoni. Utani wa maabara hauna huruma.

Yaani mwanzoni zilikuwa sawasawa. Nani abaki, nani aondoke, hakukuandikwa popote.

Mkorosho unatoka kwenye tawi lililorithi pande zote mbili. Lakini korosho haipasuki yenyewe. Mtu hukaa chini akabangua. Kwa hiyo huwezi kuchukua kazi ya jeni ya Arabidopsis ukaibandika kwenye mkorosho kwa sababu ya undugu tu. Inabidi kujaribu, na mti huchukua miaka kama mitatu kutoa maua ya kwanza, wakati Arabidopsis humaliza maisha yake yote kwa wiki chache.

Kuna na njia ya tatu: kila nakala hupoteza kipande cha kazi, mpaka hakuna inayoweza peke yake. Mimi naweza kukuchorea ukoo wa jeni hizi kwenye kompyuta. Kaka akitazama tawi lenye maua anajua yapi ni ya kiume tu na yapi yatashika korosho. Salfa ya msimu huu nimenunua mimi. Kupulizia, kapulizia yeye.

Nilimweleza haya kwa simu, nikichagua maneno. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo mimi ndiyo ile iliyobaki.”

“Ilikuwa bahati tu, kaka. Ingeweza kuwa mimi.”

“Wewe?” Akacheka. “Mdogo wangu, ile mashine usingeiweza.” Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula, akaniambia mnada ni Ijumaa.