Mnatutafuta kwenye penalti

Refa anayetaka kuiba mechi haibi kwa penalti. Penalti inaonwa na uwanja mzima, inarudiwa kwenye runinga mpaka usiku, na kesho yake vijiwe vyote vya kahawa vinaichambua. Joseph Lamptey wa Ghana aliipitia njia hiyo Novemba 2016, Afrika Kusini ilipocheza na Senegal kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia: mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly mguuni, Lamptey akaweka tuta kwa madai kwamba ameunawa. FIFA ikamfungia maisha, mechi ikarudiwa mwaka uliofuata, Senegal ikashinda 2-0. Mwizi mwenye akili angefanyia kazi yake katikati ya uwanja, ambako hakuna anayekodoa macho. Angepuliza faulo ndogondogo kila timu moja inapoanza kushika kasi. Angeipa timu nyingine mipira ya kurusha yenye utata. Angempa beki wa huku kadi ya njano dakika ya 12, acheze kwa woga mpaka mwisho, na wa kule angemwonya kwa mdomo mara nne. Mechi ikiisha mngetoka mkiwalaani washambuliaji wenu wenyewe.

Nasema haya nikiwa mtu wa ndani. Nilianzia kwenye mashindano ya kugombea mbuzi, nikapanda ligi ya wilaya, kisha ya mkoa, na siku hizi napangwa zaidi kushika kibendera. Siku za kazi nafundisha hisabati. Kwa hiyo Jumamosi nazomewa na mashabiki, Jumatatu na Kidato cha Tatu.

Swali la kwanza ninaloulizwa nikijulikana kuwa refa ni lile lile: wewe Simba au Yanga? Nikijibu kwamba refa hana timu, watu wanacheka, na wana haki ya kucheka. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na tangu hapo ni watoto wachache sana nchini waliokua bila kuambiwa wao ni wa wapi. Mimi pia nilikulia kwenye nyumba yenye rangi zake. Siitaji, maana nikiitaja tu, kila uamuzi niliowahi kutoa utafukuliwa na kuhesabiwa upya. Juni 2025 mechi ya watani wa jadi ilipochezeshwa na waamuzi kutoka Misri, kama refa wa Kitanzania iliniuma. Kama Mtanzania nilielewa kabisa.

Lakini mapenzi ya utotoni si ugonjwa unaotusumbua sana. Ukiwa uwanjani unamwogopa mtathmini aliyekaa jukwaani na daftari, unaogopa video itakayosambaa kwenye simu kabla hujafika nyumbani. Timu ya baba inakuwa jezi kama jezi nyingine. Kinachotupindisha ni kelele.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo refa yeyote akilisoma atajitambua. Waliwaonyesha waamuzi 40 video ya mechi ya Liverpool na Leicester City. Wengine waliitazama na sauti ya mashabiki wa Anfield, wengine kimyakimya. Waliosikia sauti waliiadhibu Liverpool, timu ya nyumbani, kwa faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Hakuna bahasha iliyopita, na waamuzi wale hawakuwa hata uwanjani. Watafiti wengine walipopekua ligi ya Hispania waliona marefa wanaongeza dakika nyingi zaidi mwenyeji akiwa nyuma kwa goli moja kuliko akiwa mbele kwa goli moja.

Ukitaka kujua hilo linatokeaje, simama nilipo mimi. Kwenye viwanja vyetu vingi vya mikoani, kati ya mgongo wangu na mashabiki kuna kamba tu. Nawasikia wakitafuna karanga. Wananijua: “Ticha, hiyo bendera umeikodi?” Wachezaji wawili wanagongana. Nina nusu sekunde, na nilichokiona ni miguu minne na vumbi. Kabla sijajua kama ni rafu, nyuma yangu watu elfu mbili wameshajua. Sauti ile inaingia kichwani kama ushahidi, inaungana na kile nilichokiona nusunusu, mkono unapanda. Mgeni akiangushwa vile vile, nyuma yangu panakuwa kimya, na kimya nacho kinasema hakuna kitu. Refa mkomavu anajifunza kungoja pumzi moja kabla ya kupuliza. Inapunguza tatizo, haiondoi. Kwa hiyo shabiki wa ugenini anayesema “tumeonewa” mara nyingi ana ukweli fulani mkononi, ila ameushika kwa upande usio wake, kwa sababu anatafuta aliyetuhonga, na waliotupinda ni wale wa nyuma ya kamba, ambao hata wao wanaamini tunawaonea.

Kuotea ni jambo jingine kabisa. Kazi yangu ni kwenda sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, macho kwenye mstari usiochorwa. Siwezi kuutazama mstari huo na wakati huohuo nimtazame anayetoa pasi mita 30 kutoka hapo, kwa hiyo pasi naisikiliza: ule mlio wa kiatu kwenye mpira. Vuvuzela zikiwa nyingi, mlio haufiki. Kisha kuna pembe. Nikimtangulia beki hata hatua moja kuelekea golini, mshambuliaji wa upande wa mbali aliye sawa naye ataonekana ameotea. Nikibaki nyuma hatua moja, anayeonekana ameotea ni yule wa upande wangu. Hili nawachorea wanafunzi ubaoni kwa rula na chaki, na huwa ndiyo siku pekee darasa zima liko macho. Sasa wewe umekaa jukwaa kuu, usawa wa mstari wa kati, unatazama kwa mshazari zaidi kuliko mimi, na kamera kubwa ya runinga iko karibu nawe hapo hapo. Ukiniambia uliona kwa macho yako mawili, nakuamini. Uliona, ila hukuwa kwenye mstari.

Na bahasha? Ipo. Mwaka 2018 Aden Range Marwa wa Kenya, mshika kibendera na mwalimu kama mimi, alikuwa ameshateuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi. Picha za siri za kundi la mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, zikamwonyesha akipokea dola 600, na safari ikaishia hapo. Kilichotushtua wengi wetu ni udogo wa pesa yenyewe. Shabiki huwaza mamilioni yanayobebwa kwenye buti la gari. Sisi tunajua refa ambaye posho ya mwezi uliopita haijaingia anavyoweza kutikiswa na kidogo sana.

Tena mara nyingi hakuna anayetaja pesa. Kwenye kombe la mbuzi, mwandaaji ndiye anayelipa waamuzi, na timu yake ndiyo iko fainali. Anakupokea vizuri. “Mwalimu, umekula?” Sahani ya wali inakuja, soda baridi inakuja, na kijana wa bodaboda anaambiwa atakurudisha. Hakuna neno baya lililosemwa. Lakini jioni, mechi ikiwa sare na dakika zimebaki mbili, ule wali unakumbukwa bila kukumbushwa. Ndiyo maana mimi hutembea na chapati zangu mkobani, na wanaonialika huniona nina maringo.

Kuna jambo jingine linalolisha tuhuma kuliko yote hayo, nalo ni ukimya wetu. Mechi ikiisha kocha anaongea, msemaji wa klabu anaongea, mchambuzi wa redio anaongea mpaka saa nne usiku. Refa haruhusiwi. Anaandika ripoti itakayosomwa na watu wachache. Akionekana amekosea anasimamishwa kwa mizunguko kadhaa, na tangazo husema ameshindwa kutafsiri sheria, basi. Sheria ipi, kwa tukio lipi, alipaswa kuamua nini? Haielezwi, na shabiki anajazia mwenyewe. Anajazia bahasha.

Wengi wanaingojea VAR, ile video ya kumsaidia refa, kama dawa. Tarehe 31 Mei 2019, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mjini Radès, Tunisia, Wydad walifunga goli dhidi ya Espérance, likakataliwa kwa kuotea. Wakadai VAR, kumbe mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea, na kesi ikafika mpaka mahakama ya michezo. Mtambo ulikuwepo, lakini imani haikuwepo. Kilichonivutia zaidi ni kilichofanyika kwenye Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023, Australia na New Zealand: refa akitoka kwenye skrini ya VAR anawasha kipaza sauti na kuuambia uwanja mzima ameamua nini na kwa sababu gani. Watu walizomea vile vile, lakini walikuwa wanazomea sababu waliyoisikia.

Sisi tungeweza kuanza hata bila mtambo. Posho itumwe kwa simu kabla ya mechi, isipitie mkononi mwa mwenyeji. Na mechi ikiisha, refa apewe dakika tatu mbele ya waandishi aeleze tukio moja lililozua kelele: alikuwa amesimama wapi, aliona nini, sheria inasemaje. Kamisaa mmoja niliyemweleza wazo hili alicheka. “Mwalimu, wewe ukipewa maikrofoni utafundisha kipindi kizima.” Huenda. Lakini mimi naomba tatu tu.