Wosia kwa Wajukuu Wanaoingia Wodini

Wajukuu zangu,

Mwaka huu wawili wenu mnaanza uuguzi, nami nguvu zinaniishia. Mali ya kuwarithisha sina. Ninalo jambo moja nililojifunza katika wodi ya majeraha ya moto, na nawausia mlishike: maumivu hayakai kwenye kidonda peke yake. Kule akili ya mgonjwa inakoelekea ni sehemu ya matibabu yake.

Msidhani hayo ni maneno ya kufariji tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa ya kuumia ikifika kwenye uti wa mgongo hukuta kitu kama mlango, na ubongo unaweza kuamuru mlango huo ufunguke zaidi au ufungwe. Undani wa nadharia hiyo umerekebishwa sana, ila kiini chake kimesimama. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwawekea watu joto la kuumiza mkononi huku wakiwapa kazi ya kukumbuka herufi. Kazi ilipokuwa ngumu, maumivu yalipungua, na picha za MRI zikaonyesha kuwa mwitikio wa uti wa mgongo nao ulipungua. Taarifa ilikuwa imepunguzwa nguvu kabla ya kufika kichwani. Watu walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini, nafuu ile ilipungua kwa asilimia 40 hivi. Mwili, basi, ulikuwa ukitoa dawa yake wenyewe ya jamii ya mofini, kwa kuwa akili imeshughulishwa!

Kinyume chake mtakiona kila asubuhi. Mtoto anasikia vyuma vikigongana kwenye sinia, macho yote yako kwenye bandeji, na anaumia zaidi. Ficheni sinia. Lakini msimwambie haitauma; ukimdanganya leo, kesho atalia ukiwa bado mlangoni. Mwambie kweli, kisha mpe kazi.

Na iwe kazi hasa, si televisheni ukutani. Kule Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson waliwavisha wagonjwa wa majeraha ya moto miwani ya kompyuta, nao wagonjwa wakarusha matonge ya theluji katika mchezo uitwao SnowWorld, na maumivu ya kusafishwa vidonda yakapungua. Miwani hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na vitendawili. Mtoto atege, wewe ushindwe, adai mji. Mpe Tanga aukatae, mpe Mombasa aukatae, mpaka apate mji anaoutaka na aseme alikwenda huko akala nini. Wakati huo mwenzako anaondoa shashi kwa maji ya vuguvugu. Mama naye asikae mbali; ampakate, aingie kwenye mchezo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Haya hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu kwanza, muingoje ifanye kazi, ndipo mguse kidonda. Tena asije mmoja wenu akasema mgonjwa anajifanya kwa sababu amemwona akicheka. Hilo limewaumiza sana vijana wenye selimundu. Kijana anatazama mpira kwenye simu, anashangilia bao, na muuguzi anaandika kwamba hana maumivu, kumbe ule mpira ndio unaomsaidia kuvumilia mifupa inayomwuma. Mwulizeni mwenyewe, na atakachosema kiandikeni kama alivyokisema.

Akili nayo huchoka. Mpira huisha, wageni huondoka, taa huzimwa, na kijana hubaki na maumivu yake bila cha kuyashindania. Mkipangiwa zamu ya usiku, wapitieni hao kwanza, kabla hawajaita, na dawa yao ya saa hiyo muwe nayo mkononi.

Bibi yenu